Mizani ya Mtoto na Wavu wa Mvuvi: Takwimu za Afya na Mamlaka juu ya Chakula Kando ya Ziwa Mweru

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge nchini Zambia, mgeni amekuja mara nyingi kwa zaidi ya miaka mia moja akiwa na daftari mkononi. Amepapasa shingo za watu akitafuta tezi zilizovimba, amechungulia macho ya watoto, amewapima uzito na urefu. Kila mara aliandika namba, na mara nyingi namba hizo zilizaa uamuzi kuhusu kile ambacho mwenyeji atakula au hatakula. Makala haya yanaipitia historia hiyo kwa swali moja: takwimu za afya ya jamii zinapokusanywa, nani anazisoma, na msomaji huyo ana mamlaka gani juu ya chungu cha mwenzake?

Maana ya istilahi

Ndugu mwanafunzi, kabla hatujaingia katika historia yenyewe, yafaa tutofautishe istilahi mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Usalama wa chakula ni hali ya watu kuwa na chakula cha kutosha na chenye lishe wakati wote. Mamlaka juu ya chakula ni haki ya watu kuamua wenyewe walime nini, wavue kwa njia gani, wale nini na wauze nini. Mwanafunzi wa bweni anayepata milo mitatu kwa siku ana usalama wa chakula. Lakini hajawahi kuulizwa kama anataka maharage au dagaa, na hajui nani aliyeamua. Dhana hii ya pili ilitangazwa kwa ulimwengu na La Via Campesina, muungano wa kimataifa wa wakulima wadogo, mwaka 1996 wakati wa Mkutano wa Dunia wa Chakula mjini Roma. Mwaka 2007 wakulima, wavuvi, wafugaji na watu wa jamii za asili kutoka nchi nyingi walikutana huko Nyéléni, nchini Mali, wakaifafanua kwa kina zaidi.

Takwimu za afya ya jamii, kwa upande wake, ni hesabu zinazotokana na miili ya watu wa mahali fulani: uzito wa watoto, mzingo wa mikono yao, idadi ya wagonjwa wa malaria, idadi ya waliopofuka. Mwili ni shahidi wa chungu. Kilichopikwa na kilichokosekana huandikwa humo, na anayejua kusoma huona.

Kikapu cha udongo na mtungi wa maji

Ziwa Mweru limekaa mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini karibu na mji wa Pweto. Kwa msomaji wa Kiswahili, mahali hapa si pageni. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika katika nchi hizi karne ya 19; Tippu Tip alimshinda mtawala Nsama, kaskazini-mashariki mwa ziwa, mwaka 1867, na mwaka huohuo David Livingstone alipofika katika mji mkuu wa Mwata Kazembe alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa kwa miaka mingi. Hata leo ziwani mna kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji wenye jina hilohilo, ambako Kiswahili cha Katanga husikika sokoni.

Masimulizi ya wenyeji yanaeleza jinsi Walunda wa Kazembe walivyopata nchi hiyo. Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wavuvi wa ziwa, alimuua mwana wa dada yake aliyeitwa Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Kazembe alipomshinda Nkuba, Nachituti alimkabidhi kikapu cha udongo na mtungi wa maji, yaani ardhi na ziwa. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake kuhusu eneo hili kilichochapishwa mwaka 2006, ameonyesha jinsi simulizi hiyo ilivyotumika vizazi kwa vizazi kueleza nani ana haki ya kutoa ruhusa ya kulima na kuvua. Katika kikapu mlikuwa na muhogo, na katika mtungi mlikuwa na samaki. Wareno waliofika kwa Kazembe mwaka 1798 walikuta tayari muhogo ni chakula kikuu. Mlo wa hapo hadi leo ni ugali wa muhogo, ambao Wabemba na majirani zao huuita ubwali, pamoja na kitoweo cha samaki au majani: majani ya muhogo, matembele, mchicha, majani ya maboga.

Kikapu na mtungi hivyo viwili ndivyo tutakavyovifuatilia. Kila mara takwimu za afya zilipoingia Nchelenge, kimojawapo kilitikisika.

Malale: namba zilizohamisha vijiji

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulikuwa tishio la kweli. Nchini Uganda uliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria, na gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka mwambaoni na visiwani. Habari hizo zilipofika kusini, Kampuni ya British South Africa, iliyotawala eneo ambalo leo ni Zambia, iliogopa kuwa ugonjwa ungevuka kutoka Kongo. Mbung'o walionekana kando ya Luapula na Mweru. Kampuni ikachukua hatua kama za Uganda: vijiji vya kando ya mto na ziwa viliamriwa kuhamia mbali na maji, na uvuvi na uvukaji wa mitumbwi vikawekewa marufuku.

Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa C. Musambachime, aliyechunguza athari za hatua hizo kati ya mwaka 1906 na 1922, ameonyesha kuwa hasara yake haikuwa ndogo. Tafakari, mwanafunzi, maana ya kumhamisha mvuvi kutoka ziwani. Anaacha mashamba ya muhogo ambao huchukua mwaka mmoja au zaidi kukomaa. Anaacha kitoweo chake cha kila siku. Anaacha biashara yake, kwa kuwa samaki ndiye aliyembadilishia nguo, chuma na chumvi. Mtungi wa Nachituti ulifungwa kifuniko. Wengi walikaidi, wakavua usiku kwa siri, na hapo mtu akawa mhalifu kwa kutafuta chakula katika ziwa la babu yake.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Ugonjwa ulikuwepo, na kutofanya lolote kungeweza kuua. Hata hivyo, hesabu za daktari zilijibu swali moja tu: mbung'o wako wapi, na nani ameambukizwa? Hazikuuliza aliyehamishwa atakula nini. Na kwa kuwa mwenyeji hakuitwa mahali ambapo namba zilisomwa, hapakuwa na mtu wa kuliuliza swali hilo.

Samaki walioondoka na macho yaliyofifia

Watu waliporudi mwambaoni, walikuta soko jipya. Mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga, na wachimbaji walihitaji kula. Wafanyabiashara Wagiriki waliokuwa na makao Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki kwa wingi, wakawasafirisha katika barafu. Aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu, samaki wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Victoria. Wakati wa mvua mpumbu walipanda mto Luapula kwa makundi makubwa ili kutaga, nao wavuvi wakawatandazia nyavu njiani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 misafara hiyo mikubwa ilikuwa imekwisha. Ningu naye, kwa sababu zinazofanana, alipungua sana katika mito ya Ziwa Victoria.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya pili ya afya. Bonde la Luapula lilikuwa limejulikana kwa idadi kubwa isiyo ya kawaida ya watoto vipofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari waliochunguza jambo hilo walionyesha kuwa nyuma ya sehemu kubwa ya upofu huo kulikuwa na upungufu wa vitamini A. Katika miaka ya 1980 uchunguzi mwingine miongoni mwa watoto wadogo wa bonde hilo ulikuta tatizo lingalipo. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini hiyo huanza kwa kutoona vizuri jioni. Akipata surua, ambayo humaliza akiba ndogo iliyobaki mwilini, kioo cha jicho chaweza kuharibika kabisa katika siku chache.

Hapa pana fumbo. Yawezekanaje mtoto akose vitamini A katika nchi yenye samaki, majani mabichi na hata michikichi? Jibu limo katika namna chakula kinavyofika kwenye sahani. Majani ya kijani yana kiini cha vitamini A, lakini mwili hauwezi kukitumia vema pasipo mafuta au karanga. Na majani yakianikwa juani hupoteza sehemu kubwa ya kiini hicho. Samaki wakubwa huuzwa. Mtoto huambulia mchuzi. Muhogo hushibisha tumbo bila kulipa protini ya kutosha wala vitamini A. Kwa hiyo palikuwa na shibe pasipo lishe. Anayehesabu magunia ya nafaka ili kupima njaa hawezi kuiona njaa ya namna hii. Iko kwenye jicho la mtoto, si ghalani.

Suluhisho lililokuja lilikuwa la kitaifa. Watoto hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na tangu mwaka 1998 Zambia ilianza kuongeza vitamini hiyo katika sukari ya matumizi ya nyumbani. Hatua hizi zina faida, na mzazi mwenye busara hatakataa tone linalolinda macho ya mwanawe. Lakini tuzitazame kwa kipimo cha istilahi zetu mbili. Zinaongeza usalama, haziongezi mamlaka. Sukari hutoka kiwandani, mbali na ziwa, na hufika kwa mwenye fedha ya kuinunua. Tone hutoka ng'ambo. Namba za Luapula zilisafiri hadi mji mkuu na kurudi zikiwa kidonge, ilhali swali la kwa nini samaki wanapita mbele ya mtoto bila kusimama halikupata kikao chake.

Iringa: namba zilizosomwa kijijini

Je, namba zaweza kutumika kwa njia nyingine? Kwa jibu tuvuke mpaka hadi Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mwaka 1983 ulianzishwa Mpango wa Lishe wa Iringa, ulioendeshwa na serikali kwa ushirikiano na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Kiini chake hakikuwa dawa mpya. Kila baada ya miezi michache kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto wote wadogo walipimwa uzito mbele ya wazazi, na matokeo yakapelekwa katika serikali ya kijiji, yakajadiliwa pamoja na habari za mazao na barabara. Mpango ulikuwa na hatua tatu zilizozunguka kama gurudumu: tathmini ya hali, uchambuzi wa sababu, kisha utekelezaji, halafu tathmini tena.

Uchambuzi huo ulileta majibu ambayo hayakutazamiwa. Katika kaya nyingi chakula kilikuwepo, lakini mtoto alilishwa mara chache mno kwa sababu mama alishinda shambani. Uji nao ulikuwa mzito kiasi kwamba tumbo dogo lilijaa kabla ya mwili kutosheka. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana, na akina mama wakahimizwa kutia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ili uji uwe mwepesi huku ukibaki na nguvu. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji vya mwanzo ulikuwa umepungua kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2.

Fedha za wafadhili zilisaidia, na mfumo wa serikali za vijiji ulikuwa tayari umejengwa. Lakini linalotuhusu hapa ni hili: mizani ilikuwa ileile inayotumika kila mahali. Kilichobadilika ni mahali ambapo namba yake ilisomwa kwanza.

Nchelenge leo

Turudi Mweru. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa nchini Zambia watoto 35 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na Luapula ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyozidi kiwango hicho. Takwimu hiyo ni muhimu kwa waziri. Kwa mwanakijiji wa Kashikishi ina upungufu, kwa sababu sampuli yake hukomea ngazi ya mkoa. Haiwezi kutofautisha kijiji cha wavuvi na kijiji cha wakulima kilicho kilomita chache kutoka majini. Habari za kijiji zimo katika daftari la kliniki yake tu. Humo mna uzito wa kila mwezi, wagonjwa wa malaria, na vipimo vya ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi mwa mtoto: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, zaidi ya hapo ni kijani. Kila mwezi hesabu hizo hujumlishwa na kupelekwa wilayani, kisha mkoani, kisha Lusaka. Zambia ina kamati za afya za maeneo, zenye wajumbe wanaotokana na wananchi wenyewe. Chombo kipo, kinachohitajika ni kukipa namba zake.

Tuchukue mfano wa jambo ambalo kamati ya namna hiyo ingeweza kulichunguza. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali husitisha uvuvi ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo ya mvua, na mvua huleta mbu. Nayo Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi nchini. Kamati ikichora mstari wa idadi ya watoto wa rangi ya njano mwezi kwa mwezi, kwa miaka mitatu, itaweza kuuliza: je, mstari hupanda wakati wa kufungwa kwa ziwa? Ukipanda, si lazima jawabu liwe kuvunja sheria, maana historia ya mpumbu imetufundisha gharama ya kutega nyavu wakati wa kutaga. Jawabu laweza kuwa makubaliano ya kijiji kwamba sehemu ya chisense, dagaa wa Mweru, ihifadhiwe mwezi Novemba kwa ajili ya watoto kabla magunia hayajapakiwa kwenda Ukanda wa Shaba na Kongo. Samaki hawa wadogo huliwa wazima, kichwa, mifupa na maini, na kwa hiyo hutoa vitamini A na chokaa ambavyo kipande cha mnofu hakitoi. Wakipondwa na kutiwa katika uji, hata mtoto wa miezi 8 atawala. Mstari usipopanda, basi sababu iko kwingine: pengine malaria yenyewe, pengine kuhara, pengine kazi za mama, kama ilivyokuwa Iringa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Katika maziwa ya kaskazini mwa Zambia, na katika Ziwa Tanganyika, imeripotiwa kuwa baadhi ya vyandarua vilivyogawiwa kuzuia mbu hutumika kuvulia. Matundu yake ni madogo mno. Hukokota hata vifaranga vya samaki. Afisa wa afya huona chandarua kilichopotea, afisa wa uvuvi huona wavu haramu, na kila mmoja hupeleka ripoti kwake. Mama wa kijijini peke yake ndiye anayeona vyote viwili, na kitu cha tatu: mtoto ambaye leo hana kitoweo. Mahali pa kuziweka hesabu hizo tatu juu ya meza moja ni kijijini.

Mipaka ya namba

Lazima tuonye pia. Namba ya kliniki huwahesabu waliofika kliniki. Aliye kisiwani bila mtumbwi hayumo. Kijiji chenye watoto 40 hakipaswi kushtuka kwa mtoto mmoja aliyeongezeka kwenye rangi ya njano. Na uzito wa mtoto ni siri ya nyumba yake: ubaoni iandikwe idadi, lisiandikwe jina, la sivyo mzazi mwenye shida zaidi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuacha kuja. Jamii za asili za Kanada ziliyaona mapema mambo haya. Mwaka 1998 ziliweka kanuni nne kuhusu takwimu zao: kuzimiliki, kuzidhibiti, kuzifikia na kuzihifadhi. Kanuni hizo hazikumfukuza mtafiti. Zilimtaka aketi na wenyeji kabla ya kuondoka na daftari.

Hitimisho

Historia ya Mweru inatuonyesha kuwa takwimu za afya hazina upande wake zenyewe. Wakati wa malale zilimwondoa mvuvi ziwani. Wakati wa upofu ziliokoa macho, lakini chungu kikabaki kilivyokuwa. Iringa zilikaa kijijini kwanza, na wanakijiji wakapata la kuamua. Kwa hiyo raia wa Nchelenge, na wa Ukerewe, Kigoma au Kisumu pia, ana swali halali la kumuuliza kila anayekuja na mizani: hesabu hii itasomwa wapi kwanza, na lini itarudi kwetu? Mwenyeji aliyeuliza hivyo hajamfukuza mgeni. Amemkaribisha, akamwonyesha kikapu na mtungi vilipo, na akamkumbusha ni vya nani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa maneno yako mwenyewe, tofautisha usalama wa chakula na mamlaka juu ya chakula, ukitumia mfano kutoka nyumbani kwenu.
2. Je, Kampuni ya British South Africa ingeweza kupambana na malale bila kuwanyima watu samaki? Toa hoja mbili.
3. Kwa nini mtoto anaweza kushiba ugali wa muhogo na bado kukosa lishe?
4. Andika insha ya maneno 300 ukijifanya mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji cha wavuvi. Eleza namba moja mliyoisoma na uamuzi mlioufikia.